Mfuko Ulioning'inia

Siku mkwe wake alipoitua mifuko miwili ya mchanga miguuni pake, Nanga alikuwa anapiga rangi viatu vyake kwa ajili ya harusi ya mchana ule. Brashi ikakwama hewani.

"Ni nini hivi?"

"Mifuko, mama. Nimeishona kwa ile suruali ya jinzi iliyochanika." Mkwe aliinama akafungua zipu na kuifunga tena, kama muuza duka anayemwonyesha mteja bidhaa. Kila mfuko ulikuwa na vyumba viwili vilivyounganishwa na mkanda, ili utandikwe juu ya mguu wa stendi ya taa kama mzigo mgongoni mwa punda. "Kila mmoja kilo nane. Upepo uje hata na wajomba zake, taa haitikisiki. Sasa mama utapumzika."

Neno lile la mwisho lilimchoma Nanga kama mwiba wa samaki. Kupumzika! Yeye aliwajua wawili tu wanaopumzishwa bila kuulizwa: ng'ombe aliyeishiwa nguvu, na maiti.

Mwanawe akatoka chumbani anajifuta uso kwa taulo. Alipoiona mifuko aliinyanyua mmoja mmoja, akaipima kwa mkono, akacheka kama mtoto aliyepewa mpira mpya.

"Mke wangu, hii akili umeiokota wapi? Mama, umeiona?"

"Nimeiona. Sijapofuka."

"Basi leo kaa nyumbani. Umeteseka vya kutosha, kila Jumamosi juani umekumbatia chuma."

"Nani amekwambia nateseka?"

"Mama, mwezi uliopita goti lilivimba."

"Goti ni langu au lako?"

Mkwe akacheka, akidhani mama mkwe anatania. Mwanawe, aliyekuwa mpiga picha za harusi, naye akacheka kwa sababu mkewe amecheka. Wakabeba vyombo, mifuko ile ikiwa juu ya bega la yule binti, mmoja mbele mmoja nyuma, wakatoka mlangoni wakizungumza kwa sauti ya chini. Nanga akabaki na kiatu kimoja kinang'aa na kingine bado.

Jina la Nanga hakupewa na wazazi. Alipewa na watu wa harusi. Stendi ya taa ya mwanawe ilikuwa na miguu mitatu myembamba ya bati, na juu yake taa pamoja na mwavuli mweupe wa kulainisha mwanga. Upepo ukiuingia ule mwavuli mdomoni, stendi nzima hugeuka kishada. Mwanawe hakuwa na chombo kizito zaidi. Mama yake, aliyekuwa ameacha kuuza mkaa kwa sababu ya kifua, alikuwa na kitu kimoja kwa wingi, nacho ni uzito. Basi alikaa kwenye kigoda, akaweka mguu wake juu ya mguu wa stendi, akashika nguzo kwa mkono mmoja, na taa ikasimama kama imepandwa. Mpiga picha mwingine aliyepita akasema, "Huyu si mama, hii ni nanga." Watu wakacheka, jina likaganda.

Naye alilipenda. Kwa miaka sita alijifunza upepo, akaujua kuliko mchungaji anavyowajua mbuzi wake. Aliusikia kwanza shingoni, kisha kwenye upindo wa gauni, na kabla haujafika alikuwa ameshaugeuza mwavuli uupe upepo mgongo. Mashangazi wa maharusi walimuuliza, "Mama, shela imekaa sawa?" Naye alitikisa kichwa kwa madaha, akasema ivuteni kidogo kushoto. Walimfungia keki kwenye karatasi. Kuanzia Jumapili hadi Ijumaa alikuwa mjane wa chumba na sebule. Jumamosi alikuwa mtu.

Mkwe alikuja miezi minne iliyopita, binti fundi cherehani, mwembamba, mwenye sauti ya kuomba radhi. Nanga aliwaachia chumba, akalala sebuleni kwa moyo mkunjufu, kwa kuwa sebuleni ndiko stendi, mwavuli na mikoba ya kamera ilikoegemezwa ukutani, karibu kabisa na godoro lake. Alijihesabu mlinzi wa vyombo. Wiki ya pili yule binti akasema vumbi la sebuleni litaharibu kamera. Vikahamia chumbani, mlango ukafungwa. Kwanza chumba, kisha vyombo, na sasa stendi yenyewe. Nanga aliviunganisha vitu hivyo vitatu usiku na mchana, mpaka vikawa kamba.

Jumamosi ile hakuweza kukaa peke yake. Alivuka barabara akaingia kwa Msusi, rafiki yake wa siku nyingi, ambaye saluni yake ilikuwa na viti vitatu na midomo kumi.

"Eh! Nanga, leo Jumamosi uko hapa? Meli imekata kamba?"

"Nimepumzishwa."

"Na nani?"

"Na Sindano." Ndivyo alivyomwita mkwe wake akiwa hayupo. "Kanishonea mifuko ya mchanga. Ndiyo itakayokaa mahali pangu."

Wateja wakaangua kicheko. Mmoja mwenye kichwa nusu kimesukwa alisema, "Wenzake huwashonea wakwe zao magauni, wewe umeshonewa mrithi!"

"Lakini shoga," Msusi akasema, kitana kikiwa mdomoni, "mtoto wako kaoa mke. Hakukuoa wewe."

"Nani kasema amenioa? Mimi nazungumzia kazi yangu."

"Kazi yako au mtoto wako?"

Nanga alichukua gazeti la zamani akalisoma juu chini, na Msusi, kwa kuwa alikuwa rafiki wa kweli, hakumgeuzia.

Jioni wale wawili walirudi wakicheka. Yule binti alikuwa na doa la sukari ya keki kwenye kidevu. "Mama, ungekuwepo ungecheka! Bwana harusi alikanyaga gauni la bi harusi mara tatu. Na taa haikutikisika hata kidogo. Kipande chako hiki, nimekuombea."

"Meno yananiuma," Nanga akasema, na akalala bila kula chochote, akisikiliza vicheko vikipungua nyuma ya mlango.

*

Jumamosi iliyofuata aliamka mapema kuliko wote, akavaa gauni lake la kazi, akakaa kwenye kiti karibu na mlango.

"Mama, unakwenda wapi?" mwanawe akauliza.

"Na ninyi."

"Kufanya nini?"

"Kuwabebea maji ya kunywa. Au maji nayo yameshonewa mfuko?"

Mpiga picha akamtazama mkewe, mkewe akatazama chini. "Aje tu," akasema yule binti. "Mimi nafurahi mama akiwepo." Maneno mazuri kweli. Nanga akayageuza kila upande akitafuta sindano ndani yake, na alipoikosa akachukia zaidi.

Maharusi wa siku ile walitaka kupigwa picha juu ya kilima chenye tangi la maji, ili mji wote uonekane nyuma yao. Kilima kilikuwa kipara, mwamba mtupu, na upepo wa saa tisa ulikuwa unapita pale kama mwenye nyumba. Bwana harusi alikuwa mrefu kama mlingoti wa bendera, ikabidi taa ipandishwe hadi mwisho. Mwamba nao ulikuwa na mteremko na mipasuko. Miguu ya stendi haikupata nafasi ya kutanuka vizuri, ikasimama imebana kama miguu ya mtu anayesikia baridi. Sindano alijaribu kuutandika mfuko juu ya mguu mmoja, ukateleza. Akajaribu tena, ukateleza. Basi akaichukua mifuko yote miwili, akaining'iniza kwa mikanda yake kwenye kifundo cha kukazia nguzo. Ikabaki hewani, shubiri mbili kutoka ardhini, ikiyumba taratibu.

Nanga aliiona.

Alijua kinachofuata, kwa sababu yeye mwenyewe aliwahi kukosea hivyo. Mwaka wa kwanza wa kazi, alipokuwa anataka kwenda haja, aliitundika galoni ya maji kwenye kifundo kilekile ili ishike zamu. Upepo ukaisukuma galoni, galoni ikarudi ikaigonga nguzo, ikaenda, ikarudi, na stendi ikaanza kutembea kama mlevi. Aliidaka kwa bahati, mwanawe akiwa amewapa mgongo, na siri ile hakuisema kwa mtu. Tangu hapo alijua kwamba mzigo unaoning'inia hauisaidii stendi, unaisukuma. Dawa yake ni ndogo kuliko kupiga chafya: refusha mkanda kwa kipande cha kamba mpaka mfuko ukae chini kabisa, uzito uishikilie nguzo lakini tumbo la mfuko liwe limelala juu ya mwamba. Kipande cha kamba kilikuwa kwenye mkoba, yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa amekiweka.

Sindano alirudi nyuma hatua mbili, akajipangusa mikono kwenye sketi. Kisha akainua macho akamtazama mama mkwe wake.

Nanga akainamia chupa ya maji, akakaza kifuniko ambacho tayari kilikuwa kimekazwa.

Hakutaka makubwa. Mungu ni shahidi, hakutaka mtu aumie. Alitaka stendi iyumbe kidogo tu, mwanawe aite "Mama!" kwa ile sauti ya zamani, naye aruke aishike kwa mkono mmoja mbele ya watu wote, na yule binti na zipu zake asimame pembeni aone. Alikuwa ameshasogea hatua tatu kuikaribia. Mkono wa kulia ulikuwa huru.

"Wewe mama wa maji!" Shangazi wa bi harusi alikuwa mwanamke mwenye kofia pana aliyoishika kwa mikono miwili. "Ndiyo, wewe. Unaingia kwenye picha. Rudi kule nyuma kwenye magari."

Mama wa maji. Mwezi mmoja tu uliopita mwanamke wa aina hii angemuuliza kuhusu shela. Nanga alimtazama mwanawe, amtetee. Mwanawe alikuwa amefumba jicho moja, jingine limo ndani ya kamera, na mkono wake ulikuwa unamwashiria mama yake vilevile: nyuma, nyuma.

Akarudi nyuma. Akarudi zaidi ya alivyoambiwa, kwa hasira.

Mifuko ikaanza kugonga nguzo. Tok. Tok. Kwa mbali mtu angedhani ni mlango wa tangi. Kisha upepo ukashusha pumzi, kama unavyofanya kabla ya kuja wote, na Nanga akausikia shingoni, na mdomo wake ukafunguka. Sauti haikuwahi. Mwavuli ulijaa, mifuko ikaruka upande mmoja ikarudi kwa nguvu, stendi ikanyanyua mguu, ikapiga hatua moja, ikaanguka ikielekea kichwani kwa bi harusi.

Nanga alikimbia. Lakini kutoka kwenye magari mpaka pale palikuwa na safari, na mwili wake haukuumbwa kwa mbio. Aliyefika ni Sindano. Aliingiza mkono wake kati ya chuma na shela, na stendi yote, pamoja na taa na kilo kumi na sita za mchanga, ikashuka juu ya kifundo cha mkono ule na kumalizia kwenye mwamba. Taa ikapasuka.

"Mnataka kutuulia bi harusi!" shangazi akapiga ukelele, kofia ikaenda zake bondeni. Bi harusi alikuwa analia bila kuguswa na kitu.

Mpiga picha alitazama vipande vya taa yake, kisha akamgeukia mkewe mbele ya wote. "Kazi moja tu! Moja! Kuangalia taa isianguke! Hata hiyo?"

"Samahani," Sindano akasema. Akamwambia shangazi samahani, akamwambia bi harusi samahani, akamwambia mumewe, na Nanga alipofika anahema, akamwambia na yeye. "Samahani, mama." Mkono aliushika kwa mkono mwenzake kama mtu aliyebeba kifaranga.

Na hapo, kwa kitambo kisichozidi kupepesa jicho, Nanga alisikia utamu. Ulimpanda toka tumboni hadi ulimini. Amemgombeza! Kisha akauona ule mkono unavyovimba, na utamu ukageuka kitu ambacho hakuweza kukitema wala kukimeza.

*

Benchi la zahanati lilikuwa refu na limejaa. Mpiga picha alikuwa amemaliza picha zake bila taa, kwa kuwageuza maharusi huku na huko kufuata jua, na sasa alikuwa kwenye foleni ya dirishani akingoja majibu ya eksirei. Nanga na mkwe wake walikaa bega kwa bega. Ilikuwa mara ya kwanza kukaa karibu hivyo.

"Ni mkono wa mkasi huu," Sindano akasema, kama anajiambia. Baada ya muda akasema tena, "Mama, mimi nilikutazama."

Nanga alitazama viatu vyake.

"Nilipomaliza kuitundika. Sikuwa na uhakika. Nikasema ngoja nimtazame mama, yeye ndiye anayeijua hii kazi. Akinyamaza, basi nimepatia." Alijaribu kutabasamu, maumivu yakamkatisha. "Lakini labda hukuona. Ulikuwa na chupa."

Wazee walisema mchawi mpe mwanao akulelee. Nanga aliwahi kuisema methali hiyo mara nyingi kwa Msusi, akicheka, na siku zote mchawi alikuwa mtu mwingine.

Mpiga picha alirudi na karatasi mkononi. "Mfupa umepasuka. Wiki sita ndani ya plasta." Hasira yake ilikuwa bado haijapata mahali pa kulala. "Ungekaa kwenye cherehani yako haya yasingetokea. Mambo ya mifuko yameisha. Jumamosi ijayo mama anarudi kwenye kazi yake."

Hilo hapo. Alilolitaka lote, limeletwa mpaka kwenye benchi, bila hata kuinuka kulifuata. Nanga alingoja mkwe wake aseme neno. Yule binti aliutazama mkono wake tu.

"Niliona," Nanga akasema.

"Uliona nini, mama?"

"Mifuko. Ilikuwa inaning'inia. Ikining'inia inagonga, ikigonga inaiangusha. Nilijua."

"Ulijua lini?"

"Kabla hujapiga picha ya kwanza."

Mwanamke mwenye mtoto mgongoni, upande wa pili wa benchi, aliacha kumbembeleza mtoto wake ili asikie vizuri.

"Ukanyamaza?"

"Nikanyamaza."

"Kwa nini, mama?"

Jibu lilikuwa neno fupi, wivu, herufi nne tu, na watoto wa jirani hutukanana nalo wakigombea mdoli. Lakini mwanamke wa umri wake angemwambiaje mwanawe wa kumzaa? Nanga aliukunja upindo wa gauni lake la kazi, akaukunjua.

"Nilitaka uniite," akasema.

Mpiga picha hakumgombeza. Laiti angemgombeza. Alimwinamia mkewe, akampitishia mkono mgongoni, akamsaidia kusimama, na akasema, "Twende tukafungwe plasta." Hakumwambia mama yake aje wala abaki.

*

Juma lile Nanga alifua, alipika, alimfunga mkwe wake vifungo vya gauni na kumchana nywele. "Asante, mama," alisema yule binti kwa kila kimoja. Asante kwa chai. Asante kwa maji ya kuoga. Zamani alikuwa anasahau kushukuru, anachukua tu, kama mtu wa nyumbani.

Ijumaa mwanawe alisimama mlangoni. "Nimeazima taa. Kesho saa nane," akasema, na hiyo ndiyo ikawa sentensi yake ndefu kuliko zote za wiki ile.

Walipiga picha za wahitimu katika uwanja wa wazi, vijana arobaini wenye majoho yaliyokuwa yakipeperuka kama nguo kwenye kamba. Nanga alitanua miguu ya stendi hadi mwisho. Mguu mmoja akauelekeza kwenye upepo. Mfuko mmoja akaulaza chini, mkanda umekazwa, tumbo la mfuko juu ya ardhi. Mwavuli akaupa upepo mgongo, kisha akakaa kwenye kigoda chake, mguu wake juu ya mguu wa stendi, mkono kwenye nguzo. Hata tufani isingeitikisa taa ile.

Wahitimu wakajipanga. Mpiga picha akainua kamera, akaishusha. Akaja mpaka pale kwenye stendi. Kwa miaka sita hakuwahi kuigusa stendi aliyoisimamisha mama yake. Sasa alichuchumaa, akaubonyeza mfuko kwa kiganja, akaufuata mkanda kwa kidole mpaka juu, akakitikisa kifundo. Hakumtazama usoni.

Nanga alisogeza mguu wake kidogo, ili mkono wa mwanawe upate pa kupita.